Masijala ya galaksi: kupata picha za anga kwa bando la wiki

Watu wengi wakisikia picha za galaksi wanawaza darubini kubwa mlimani, hamna anayewaza masijala. Mi nawaza masijala kwa sababu ndo kazi yangu, ni msaidizi wa kumbukumbu kwenye ofisi moja hapa Posta, kutwa nzima ni majalada, folio, nani kachukua faili gani na kalirudisha lini. Na nakwambia kabisa, kupiga picha galaksi milioni mia mbili ni kazi kubwa sibishi, ila kinachonishangaza mimi ni kile kinachokuja baada ya hapo, yani mtu yuko Mbagala na laptopu ya mkopo anaomba galaksi moja tu kati ya hizo na inamjia hapo hapo.

Niliingizwa kwenye haya mambo na rafiki yangu mwalimu wa fizikia, anafundisha sekondari moja upande wa Temeke na ana klabu ya sayansi pale shuleni. Akanipigia jioni moja, "Kaka, wewe si mtu wa mafaili? Nataka picha zote za ule mradi wa Sloan, nimeshanunua hadi diski Kariakoo ya terabaiti moja, nisaidie kuzishusha tuzipange." Nikamwambia dada, pole pole kwanza, tupige hesabu.

Sloan ni mradi wa kupima anga, kifupi chake SDSS, darubini yake ina kioo cha mita 2.5 na ipo Apache Point kule New Mexico, Marekani. Walianza rasmi mwaka 2000, na kamera ya picha ilistaafishwa 2009 ikiwa imeshapita nyuzi za mraba 14,555, ambayo ni zaidi kidogo ya theluthi moja ya anga lote. Hizo picha zimekatwa vipande karibu 938,000, kila kipande kipo mara tano maana kuna filta tano (vichujio vya rangi za mwanga), na kila kimoja kina pikseli 2048 kwa 1489, ukikifungua ni kama megabaiti 12. Zidisha. Inapita terabaiti 50. Diski ya mwalimu haitoshi hata kuanza, na bando la kushushia hiyo kitu sijui nani angelilipia, mshahara wa nani huo.

Akanyamaza kidogo, alafu akauliza swali zuri, "Sasa wao wenyewe wanazipataje?"

Hapo ndo pazuri. Kwanza uelewe zilivyopigwa, maana zilivyopigwa ndivyo zilivyofailiwa. Ile kamera ilikuwa na vihisi vya mwanga 30, safu tano kwa nguzo sita, kila safu na filta yake, zinaitwa u, g, r, i na z, kuanzia mwanga wa urujuanimno mpaka unaokaribia infraredi. Haikuwa inapiga picha moja, inatulia, inapiga nyingine. Anga lilikuwa linateleza mbele ya kamera na vihisi vinasomwa kwa mwendo ule ule wa anga, nyota inakaa kama sekunde 54 kwenye filta ya kwanza, inaingia ya pili, ya tatu, mpaka zote tano zimeisha. Kwa hiyo kinachotoka ni tepe ndefu za anga, sita kwa mpigo, zimeachana mapengo, alafu usiku mwingine wanarudi kupita kwenye mapengo. Data za usiku zikishaandikwa kwenye tepu zilikuwa zinasafirishwa mpaka maabara ya Fermilab karibu na Chicago ndo zikachakatwe, yani hata wao walianza kwa kubeba, sio sisi tu na mafleshi yetu.

Baada ya hapo tepe inakatwa vipande, na faili linapewa jina la namna hii: frame-r-001000-1-0027.fits.bz2. Ukilizoea unalisoma vizuri tu, r ni filta, 1000 ni namba ya mpito wa darubini, 1 ni nguzo ya kamera, 27 ni kipande cha ngapi kwenye tepe. Kwa aliyepiga picha hilo jina limekamilika. Kwa anayetafuta galaksi halisemi kitu hata kimoja. Ni sawasawa na masijala inayopanga barua kwa tarehe zilizopokelewa tu, aliyepokea anajua kila kitu ila siku bosi akiuliza "jalada la yule mama wa kiwanja cha Kigamboni liko wapi" mnaanza kukimbizana.

Na nimeona hiyo kitu kwa macho yangu jamani, ofisi nyingi faili linapangwa kwa raha ya anayelipokea, anayekuja kulitafuta hamna aliyemfikiria.

Jamaa wa Sloan walilitatua hili kwa njia ambayo ningependa ifundishwe kwenye vyuo vyetu vya utunzaji kumbukumbu. Kulikuwa na bwana anaitwa Jim Gray, mtaalamu wa databesi wa Microsoft, alipata tuzo ya Turing ya 1998, ile kubwa ya sayansi ya kompyuta, akaungana na Alex Szalay wa chuo kikuu cha Johns Hopkins. Gray hakuanza na kuuliza data iko ya namna gani. Aliwaambia wanaastronomia, nipeni maswali 20 ambayo mngependa kuliuliza hili anga. Ishirini tu. Wakampa, ya aina ya tafuta galaksi zote zilizo karibu na nukta fulani zisizo na pikseli zilizofurika mwanga, vitu kama hivyo, na databesi ikajengwa ili hayo maswali yajibike upesi. Mlango wa umma, SkyServer, ukafunguliwa Juni 2001. Yani kabla ya kupanga rafu waliuliza kwanza nani atakuja kaunta na atasema nini. Mi toka nimesoma hiyo habari kila nikipokea majalada mapya nawauliza wenzangu, haya, nani atakuja kuliulizia hili na atalitaja kwa jina gani? Wananiona nimeanza kuzeeka.

(Huyu Gray, habari yake inasikitisha. Januari 2007 alitoka na boti yake San Francisco peke yake na hakuonekana tena. Marafiki zake wakapata picha za setilaiti za bahari ile na maelfu ya watu wakazipitia mtandaoni kipande kwa kipande kumtafuta. Hawakumpata.)

Sasa ndani ya hiyo databesi kuna ujanja wa kijiometria naupenda sana. Anga ni tufe, na kompyuta ukiiambia "nipe vilivyo karibu na hapa" ikiwa haina akili itapima umbali wa kila kitu kimoja kimoja, mamia ya mamilioni, utasubiri mpaka uzeeke. Wao wakaligawa tufe kwenye pembetatu 8, kila moja ikagawanywa nne, kila ndogo tena nne, wakaendelea hivyo kushuka chini, na kila galaksi ikapewa namba ya pembetatu yake. Ukiuliza sehemu fulani inafungua pembetatu zinazohusika tu, nyingine haizigusi kabisa.

Kwa hiyo sisi tulichofanya na mwalimu ni kuacha kabisa habari ya kushusha mafaili, tukaanza kuuliza. Kila kitu angani kina anuani ya namba mbili, ra na dec, ni longitudo na latitudo za anga. Galaksi ya M51, ile ya mzunguko wenye mikono iliyoshikana na mwenzake mdogo, ipo ra 202.47 na dec 47.2. Unaipa SkyServer hizo namba, unaiambia upana na urefu wa picha kwa pikseli, na kipimo, yani kila pikseli ichukue sekunde ngapi za tao (hizi ni kipimo cha pembe angani, sio muda). Inakukatia kipande chako inakutumia JPEG ya kilobaiti kadhaa. Hapo kwenye kipimo ndo watu wengi wanakwama, kipimo cha asili cha kamera ni kama 0.4, ukikiacha hivyo kwenye picha ya pikseli 512 M51 haienei, utapata kitovu tu na ukungu. Weka 1.5 inakaa yote. Kwa galaksi ndogo za mbali 0.4 au hata 0.2 ndo sawa.

Alafu kuna kitu kinaitwa Image List, hiki ndo kilimaliza kazi. Unabandika orodha, jina, ra, dec, mstari kwa mstari, inakurudishia picha ndogo ndogo za zote zimepangwa kwenye ukurasa mmoja, ukibonyeza moja inafunguka na taarifa zake. Wanafunzi waliitumia kwa simu, kila mmoja na orodha yake. Bando la wiki lilitosha likabaki, na kwenye ile diski mpaka leo galaksi hazijachukua hata GB moja, nafasi iliyobaki mwalimu kajaza tamthilia.

Kuuliza kwa SQL, lugha ya kuulizia databesi, nako sio kugumu kihivyo, usiogope jina. Unaandika sentensi fupi, nipe ra, dec na mwangaza kutoka jedwali la PhotoObj ambapo type ni 3, maana kwao 3 ni galaksi na 6 ni nyota, na mwangaza wa r uko chini ya 15. Kumbuka kwenye astronomia namba ya mwangaza ikiwa ndogo ndo kitu kinang'aa zaidi, wanafunzi walichukia sana hili. Kingine cha kuangalia ni kolamu ya z. Kwenye jedwali la picha z ni mwangaza wa filta ya mwisho, kwenye jedwali la spektra (mwanga uliochambuliwa rangi kwa rangi) z ni kiasi mwanga ulivyosogea kuelekea wekundu, ambacho ndo kinakupa umbali. Herufi moja kazi mbili tofauti kabisa, sijui walikuwa wanawaza nini.

Na weka kolamu ya mode iwe 1. Tepe zinapishana pembeni, kwa hiyo galaksi ile ile inaweza kuwa imepigwa mara mbili au zaidi, na wao hawakufuta hata moja, waliteua moja kuwa ya msingi nyingine zikabaki za ziada. Mtunza kumbukumbu yeyote atakubaliana na mimi kwamba hii ndo adabu ya kazi, nakala hatupi mtu, unaonyesha tu ipi ndo rasmi. Tena kuna utepe mmoja kwenye ikweta ya anga, Stripe 82, walirudi kuupiga mara nyingi makusudi ili waone nini kinabadilika, hasa nyota zinazolipuka. Bila zile nakala hamna kazi.

Kuna mtego mmoja sikuuona umeandikwa kwa Kiswahili popote kwa hiyo nauandika hapa kwa herufi kubwa moyoni. Kila kitu kwenye Sloan kina objID, namba ya tarakimu 19. Ukishusha jedwali ukalifungua na Excel moja kwa moja, Excel inashika tarakimu 15 tu, zinazofuata inazigeuza sifuri kimya kimya bila kukwambia. Kijana mmoja wa klabu alikuja na orodha yake nzuri kabisa, namba zote zinaishia 0000, ukiiuliza SkyServer inasema hakuna kitu kama hicho, au mbaya zaidi inakuletea kitu kingine. Dawa yake ni kuingiza hiyo kolamu kama maandishi, sio namba, toka mwanzo. Ikishapotea kwenye Excel haiwezi kurudi, inabidi ushushe tena.

Na ndo maana kwenye majina ya mafaili yetu hatukutumia objID. Hizo namba zinaweza kubadilika data zikichakatwa upya, toleo la saba na toleo la nane la Sloan hazifanani kwa mfano. Tukatumia anuani ya angani yenyewe, ra na dec, alafu filta, alafu toleo la data, basi. Mwalimu alitaka tuweke mafolda, za mzunguko huku, za duaradufu huku, zisizo na umbo huku. Tulibishana kweli hapo, nikamwambia mwalimu, umbo ni maoni yako wewe, kesho mwanafunzi anakuja na picha nzuri zaidi anaona mikono ambayo hukuiona, utahamisha faili? Anayelijua lilikokuwa atalipataje? Jina la faili libebe kile ambacho hakitabadilika, maoni yakae kwenye jedwali pembeni pamoja na jina la aliyetoa maoni na siku aliyoyatoa. Alikubali ila kwa shingo upande, na folda moja ya "nzuri nzuri" nimemwachia, binadamu tuna mahitaji.

Habari ya maoni imenikumbusha Galaxy Zoo. Hii ilianza Julai 2007, walichukua picha za Sloan za galaksi karibu laki tisa wakaziweka mtandaoni watu wa kawaida waseme hii ina mikono au haina, inazunguka upande gani. Mwaka wa kwanza ukaleta majibu zaidi ya milioni 50. Matokeo yakaonyesha galaksi nyingi zaidi zinazunguka upande mmoja, kinyume cha saa, na hiyo ingekuwa habari kubwa sana kuhusu ulimwengu. Wakafanya kitu cha akili, wakazigeuza baadhi ya picha kama zinavyoonekana kwenye kioo wakawapa watu tena. Bado watu wakaona kinyume cha saa ndo nyingi. Kumbe ni macho yetu. Kama wangekuwa wamehifadhi jibu tu bila kuhifadhi picha ipi ilionyeshwa na ilionyeshwaje, wasingejua. Mwaka ule ule mwalimu mmoja wa Uholanzi, Hanny van Arkel, akiwa anapita hizo picha akaona kidoa cha ajabu chini ya galaksi moja akauliza hiki nini, ikawa ni wingu kubwa la gesi linalong'aa, sasa linaitwa kwa jina lake, Hanny's Voorwerp. Kidoa kilikuwepo kwenye hifadhi muda wote, hakikuwa na swali lake.

JPEG ni za macho lakini. Ukitaka kupima chochote unahitaji FITS, na hapa kweli utakula bando, kwa hiyo tulishusha chache sana. FITS ni aina ya faili iliyotangazwa 1981 na mpaka leo inasomeka, fikiria ni mafaili gani ya kompyuta ya 1981 unaweza kuyafungua leo. Mwanzoni mwake kuna maandishi ya kawaida, mistari ya herufi 80 kwa sababu zamani kulikuwa na kadi za kutoboa, inakwambia darubini gani, filta gani, saa ngapi, na kila pikseli inaangukia wapi angani. Taarifa na picha haviachani. Maktaba ya Vatikani nayo ilichagua FITS kuhifadhi picha za miswada yake ya kale, na mimi nikiangalia majalada yetu yaliyoskaniwa kwa jina "scan001" natamani kulia.

Sio kwamba kila kitu Sloan kiko safi. Galaksi kubwa za karibu programu yao inazichanachana, mkono mmoja unahesabika kama galaksi kumi, kwa hiyo ukiuliza databesi kuhusu M101 utapata majibu ya kuchekesha. Kwa hizo za karibu kuna orodha nyingine iliyotengenezwa baadaye, NASA-Sloan Atlas, wao walizishughulikia upya.

Lakini tatizo kubwa kwetu Dar ni jingine. Sloan ilipiga picha ikiwa kaskazini, na sisi tupo nyuzi karibu 7 kusini ya ikweta, tunaona karibu anga lote la pande zote mbili. Zile galaksi za kundi la nyota la Virgo ambazo Sloan imezijaza vizuri zinapita juu yetu jioni za Aprili na Mei, na Aprili na Mei ndo masika, mawingu tu. Alafu Januari mbingu ikiwa safi ukitoka ukaenda Kimbiji mbali na taa, ukaangalia kusini, kuna Wingu Kubwa la Magellan, galaksi unayoiona kwa macho matupu bila kifaa chochote. Ukiiuliza Sloan, hamna. Dec yake ni hasi 69, kamera haikufika huko. M83 nayo hamna, dec hasi 30. Kijana wa kidato cha pili aliuliza kwa nini galaksi tunayoiona sisi haipo kwenye hifadhi na zisizoonekana zipo milioni mia mbili, mwalimu akanitazama mimi.

Jibu ni kwamba ipo, ila kwenye hifadhi nyingine. Kabla ya vihisi vya kisasa anga lote lilipigwa kwenye bamba za vioo, kaskazini kutoka Palomar na kusini kutoka Siding Spring kule Australia, bamba zikaja kuskaniwa zikawa Digitized Sky Survey. Mwaka 1994 ilitoka kwenye CD 102, kasha zima, sa hivi unaipata bure kupitia Aladin, programu ya kuangalia anga ya Strasbourg kule Ufaransa, inafunguka kwenye brauza ya simu na inashusha vigae vya pale unapoangalia tu. Na kule Chile kuna darubini ya Rubin, kamera yake ni ya pikseli bilioni 3.2, picha za kwanza zilitoka Juni 2025, itapiga anga la kusini miaka kumi na inatarajiwa kutoa terabaiti 20 kwa usiku. Hapo hamna wa kushusha, awe wa Temeke awe wa Marekani, watafiti wanapeleka programu zao kule kule data ilipo na wanarudishiwa majibu.

Kwa sasa klabu inaandaa orodha ya kusini, M83, NGC 253, Mawingu ya Magellan yote mawili, Centaurus A, kila moja na ra na dec yake, chanzo kwenye kolamu yake maana sasa tuna hifadhi zaidi ya moja. Kazi iliyobaki ni kukubaliana alama ya hasi kwenye dec tuiandikeje kwenye jina la faili, maana kistari tumeshakitumia kutenganisha vipande vya jina. Mwalimu anataka herufi k ya kusini. Mi nataka m. Tutaona Jumamosi.